Alama ya chombo isiwe chanzo cha kutu

KARATU ndiyo stoo ya safari za Ngorongoro. Gari la watalii likitoka Arusha husimama hapa kujaza mafuta, kununua nyanya, viazi, nyama na gesi, kisha likapanda kuelekea lango la Loduare. Jioni, wageni wanaolala kwenye mahema katika kambi ya umma ya Simba, ukingoni mwa kreta, hupikiwa na wapishi wa makampuni mbalimbali wanaotumia jengo moja la jiko. Masufuria, birika, trei na bakuli hukaa karibu karibu, huoshwa sehemu moja na hupakiwa alfajiri kabla kiza hakijaisha vizuri. Asiyeweka alama kwenye vyombo vyake hurudi Arusha na vyombo vya mwenzake, au hurudi na pengo.

Ndiyo maana kila mwenye kampuni, mwenye hoteli na mwenye mgahawa huwaambia watu wake: wekeni alama. Hilo ni agizo zuri. Lakini kwa vyombo vya stenlesi, yaani chuma kile king'aacho kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu, agizo hilo likitekelezwa ovyo huleta hasara ya aina nyingine. Baada ya miezi michache herufi zilizochorwa huwa na rangi ya kahawia, kisha vijitundu vidogo, na mgeni aliyelipa dola nyingi huletewa chai katika birika lenye kutu. Mwenye mali hulaumu muuza duka kwamba amemwuzia bandia. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, chombo kilikuwa kizima na aliyekiharibu ni yule aliyekiwekea alama.

Wiki hii ukurasa huu unaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, na namna ya kuweka alama itakayodumu bila kuua chombo.

Hesabu ya mtaji

Tuchukue mfano wa kubuni tu. Mwenye kambi ana vyombo 60 vya stenlesi, kila kimoja kimemgharimu shilingi 30,000. Huo ni mtaji wa shilingi milioni 1.8 uliolala jikoni. Chombo kizuri cha stenlesi kinaweza kutumika miaka mingi, hivyo gharama yake kwa mwaka ni ndogo. Lakini vyombo 12 vikitupwa mapema kwa sababu ya kutu iliyoanzia kwenye alama, shilingi 360,000 zimekwenda na maji. Hata akitaka kuviuza, mnunuzi wa vyombo vilivyotumika hutazama kwanza kutu na mashimo, ndipo ataje bei. Chombo chenye vitundu huishia kupimwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Bei ya kununua vipya nayo haitabiriki. Stenlesi inayotumika sana jikoni ina nikeli ndani yake, na nikeli ni madini yenye soko la kupanda na kushuka. Tarehe 8 Machi, 2022, bei yake katika soko la metali la London ilivuka dola 100,000 kwa tani kwa muda mfupi, hadi soko hilo likalazimika kusimamisha biashara ya nikeli. Sisi Tanzania tunayo nikeli ardhini, huko Kabanga wilayani Ngara, lakini birika la dukani Karatu bado linafuata bei ya dunia. Anayetunza alichonacho amejikinga na soko.

Kwa nini stenlesi haishiki kutu

Mwaka 1913 Harry Brearley, mtaalamu wa vyuma wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Katika majaribio yake alipata mchanganyiko wenye kromi ya asilimia 12.8 hivi, akaona haushambuliwi kirahisi na siki wala tindikali ya ndimu. Visu vya mezani vikafuata, na baadaye masufuria.

Siri iko kwenye kromi. Chuma kikiwa na kromi isiyopungua asilimia 10.5, kromi hiyo huungana na oksijeni ya hewani na kufanya utando mwembamba sana juu ya chuma. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara elfu kumi, wala hauonekani kwa macho. Ndio unaozuia maji na hewa visiufikie mwili wa chuma. Ukikwaruzwa, hujiponya wenyewe mradi mahali hapo ni pasafi, pakavu na panapata hewa.

Basi msomaji aelewe jambo moja: stenlesi si chuma kisichoweza kushika kutu, bali ni chuma kinachovaa ngozi. Kuweka alama ni kuijeruhi ngozi hiyo kwa makusudi. Jeraha si tatizo. Tatizo ni uchafu unaoachwa ndani ya jeraha hata likashindwa kupona.

Mambo manne yanayoharibu

La kwanza ni unga wa chuma cha kawaida. Fundi akichora jina kwa msumari, au akipitisha diski ya grenda iliyotoka kukata nondo, vipande vidogo vya chuma hicho hubaki vimejikita kwenye mkwaruzo. Hivyo ndivyo vinavyoanza kushika kutu. Mwanzoni kutu hiyo si ya birika lenyewe na inaweza kuondolewa. Ikiachwa, huzuia ngozi isijirudie na hatimaye hufungua tundu. Stiliwaya ya kusugulia masizi na brashi ya waya wa chuma huleta balaa hilo hilo.

La pili ni chumvi. Kitu kilichomo kwenye chumvi kinachoitwa kloridi ndicho adui mkubwa wa stenlesi. Huupenya utando mahali palipo dhaifu na kuchimba tundu dogo lenye kina. Kloridi imo kwenye chumvi ya mezani, kwenye maji ya bahari, kwenye jasho, na hutokana pia na dawa ya kung'arisha nguo ambayo jikoni huiita Jik.

La tatu ni moto. Mahali palipochomelewa au kupata joto kali hubadilika rangi kuwa manjano, bluu au nyeusi. Rangi hiyo ni dalili kwamba kromi imevutwa juu na chuma kilicho chini yake kimepungukiwa. Hapo pameanza udhaifu.

La nne ni mfuniko. Lebo ya kubandika, gundi au rangi iliyobanduka nusu huficha maji yasiyopata hewa. Chini ya lebo ngozi haiwezi kujiponya, na chumvi hukusanyika kadiri maji yanavyokauka. Ukibandua lebo baada ya msimu mmoja unaweza kukuta umbo lake limechorwa kwa kutu.

Hali ya kwetu

Karatu na Ngorongoro zina mambo yanayozidisha hatari. Ukingo wa kreta uko kwenye mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukungu na umande ni kawaida, na vyombo vikioshwa usiku havikauki hadi asubuhi. Hufungwa kwenye masanduku vikiwa vibichi, vikapigwa na barabara siku nzima.

Halafu kuna magadi. Chini ndani ya kreta liko Ziwa Magadi, ambalo kingo zake hubaki na ukoko mweupe wakati wa kiangazi. Kusini-magharibi ya Karatu liko Ziwa Eyasi lenye chumvi. Wapishi wengi wanatumia magadi kulainisha maharage na makande. Magadi yenyewe kama magadi hayana ugomvi mkubwa na stenlesi, lakini magadi ya asili huwa yamechanganyika na chumvi ya kawaida. Sufuria likilazwa na mabaki ya makande hadi kesho, chumvi hiyo hupata usiku mzima wa kufanya kazi kwenye alama iliyochorwa vibaya.

Wafugaji nao wamo katika hesabu hii. Keni za maziwa hukusanywa pamoja na kila mmoja anataka ajue yake. Kwenye keni, mkwaruzo wenye kina ni hasara mara mbili: hushika kutu na pia huhifadhi mabaki ya maziwa yanayochachisha maziwa ya kesho.

Kwanza jua ulichonunua

Si stenlesi zote ni sawa. Katika biashara hutambulika kwa namba. Namba 304 ina kromi asilimia 18 na nikeli 8 hivi, ndiyo maana vyombo vingine hupigwa muhuri wa 18/8. Hii ndiyo ya kuaminika jikoni. Namba 316 imeongezewa molibdeni asilimia 2 hadi 3, huvumilia chumvi zaidi na bei yake ni kubwa zaidi. Namba 430, ambayo kwenye vijiko huandikwa 18/0, haina nikeli ya maana. Ni rahisi, lakini ni dhaifu zaidi mbele ya chumvi. Namba 201 imepunguziwa nikeli na kuwekewa manganizi ili bei ishuke. Inang'aa dukani sawa na 304, lakini uvumilivu wake ni mdogo.

Wafanyabiashara wengi hupima kwa sumaku. Kipimo hicho kinasaidia nusu tu. Sumaku hunasa 430, lakini kwa kawaida hainasi 304 wala 201, hivyo haiwezi kukutenganishia hizo mbili. Tena 304 iliyokunjwa kwa nguvu huweza kuvuta sumaku kidogo pembeni. Dai risiti iliyoandikwa namba ya chuma, hasa ukinunua kwa jumla. Chombo cha 201 au 430 usikichore kabisa. Tumia njia za juu juu tutakazozitaja.

Njia za kuweka alama

Njia salama kuliko zote ni kutogusa chombo. Tundika kibati cha stenlesi chenye jina kwenye mkono wa sufuria, kwa pete ya stenlesi pia. Usitumie waya wa kawaida wala waya wa kufungia nondo, kwani kutu ya waya itachirizika juu ya chombo. Kwa birika na masufuria makubwa njia hii inatosha.

Ya pili ni kalamu ya wino usiofutika au rangi. Inafaa kwa alama ya muda, nje ya chombo na mbali na moto. Viwanda vikubwa vya mafuta na vya nishati ya nyuklia hununua kalamu maalumu zenye kloridi kidogo sana, kwa sababu wanajua wino wa ovyo ukipata joto unaweza kudhuru bomba la stenlesi. Mwenye kambi hahitaji kufika huko, lakini afute alama ya zamani kabisa kabla ya kuandika mpya, na asiiweke mahali moto unapofika.

Ya tatu ni kugonga herufi kwa mihuri ya chuma na nyundo. Inafaa kwenye sehemu nene na bapa kama mkono wa sufuria au ukingo wa meza ya jikoni. Kwenye bati jembamba hubonyeza chombo. Mihuri iwe safi, isiyo na kutu, na ikiwezekana itengwe kwa kazi ya stenlesi peke yake.

Ya nne ni kalamu ya umeme inayotetema, yenye ncha ya kabaidi au almasi. Ncha hizo haziachi unga wa chuma kama msumari. Ni kifaa kidogo ambacho fundi mmoja mjini Karatu anaweza kununua na kuhudumia kambi nyingi kwa malipo. Achore mara moja, kwa kina kidogo. Kurudia rudia mstari ni kuzidisha jeraha.

Ya tano ni kuchora kwa umeme na maji ya dawa kupitia karatasi iliyokatwa herufi. Mashine za kazi hii huja na maji yake maalumu na dawa ya kusafishia baadaye. Alama hutoka nzuri na haina mkwaruzo. Tatizo ni njia ya mkato ya betri ya gari na maji ya chumvi au siki yenye chumvi. Alama inatoka, ni kweli. Lakini fundi anakuwa ameisukuma kloridi kwa umeme ndani ya chuma, na wiki chache baadaye herufi hushika kutu. Isitoshe, maji yanayobaki yanaweza kuwa na kromi ya aina yenye sumu, na mvuke wake ni wa klorini. Kwa chombo cha kupikia, njia hiyo ya chumvi tusiitumie.

Ya sita ni leza, inayoandika herufi nyeusi safi. Mwenye hoteli anayeagiza vyombo vingi anaweza kudai kiwanda kiweke jina kwa leza kabla ya kusafirisha. Lakini leza ni moto. Ikiwekwa nguvu kupita kiasi hudhoofisha ngozi, na ndiyo sababu watengenezaji wa vyombo vya upasuaji hupima tena uwezo wa kuzuia kutu baada ya kuandika. Ombeni sampuli moja muijaribu kabla ya kulipia shehena.

Mahali pa alama ni muhimu sawa na njia yenyewe. Iwe nje daima, juu ya mkono au karibu na ukingo wa nje, mahali ambapo maji hayatuami. Isiwe ndani, isiwe kwenye mdomo wa kumiminia, isiwe kwenye maungio ya kuchomelea, wala chini ya kitako ambako moto na unyevu hukutana.

Kazi haijaisha hadi chombo kisafishwe

Hapa ndipo mafundi wengi hukatisha safari. Baada ya kugonga au kuchora, osha kwa maji ya moto na sabuni ili mafuta yote yatoke. Kisha rudisha ngozi kwa asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye ndimu, ambayo huuzwa ikiwa unga mweupe. Changanya gramu 100 za unga na mililita 900 za maji safi. Maji yawe ya vuguvugu, nyuzi 40 hivi. Loweka sehemu yenye alama, au ifunike kwa kitambaa safi kilicholowa, kwa dakika 20 au zaidi bila kukiacha kikauke. Asidi hii huyeyusha unga wa chuma cha kawaida na kuiachia kromi nafasi ya kujenga utando. Suuza kwa maji mengi, kausha kwa kitambaa, acha chombo kikae hewani.

Vaa glavu na linda macho. Wala usichanganye asidi yoyote na Jik, hata kwa bahati mbaya kwenye beseni moja: hutoka hewa ya klorini, nayo inaweza kuua. Tindikali kali ya naitriki, inayotumika viwandani kwa kazi hii, tuwaachie wenye mafunzo na vifaa.

Mwisho, jaribu. Chukua chombo kimoja cha mfano, kizamishe kwenye maji safi saa moja, kitoe kikauke saa moja, na urudie hivyo kwa saa 24. Kutu ikijitokeza kwenye herufi, rudia kusafisha kabla ya kuviweka alama vilivyobaki. Hasara ya chombo kimoja ni bora kuliko ya 60.

Kwa mnunuzi na kwa fundi

Mwenye kambi anayemkabidhi fundi kazi hii aandike masharti matatu: vifaa visiwe vimetumika kwenye chuma cha kawaida, maji ya chumvi yasitumike, na malipo ya mwisho yatoke baada ya jaribio la maji. Kwa upande wake, fundi atakayetenga diski, brashi na mihuri kwa ajili ya stenlesi tu ana haki ya kutoza zaidi, kwa sababu anauza dhamana. Anayetaka kuanza biashara hiyo anaweza kubisha hodi ofisi ya SIDO ya mkoa, au TEMDO na CAMARTEC zilizoko Arusha, akaomba ushauri wa kiufundi.

Jikoni nako kuwe na utaratibu. Mabaki ya makande yasilale kwenye sufuria. Jik ikitumika iwe kidogo, isuuzwe mara moja. Stiliwaya ibaki kwa sufuria za alumini zilizochoka. Stenlesi isuguliwe kwa sponji ya plastiki. Na alfajiri pale Simba, kabla ya kufunga sanduku, kitambaa kikavu kipite kwenye kila herufi. Inachukua dakika chache. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye stenlesi ufa wenyewe mara nyingi ni jina la mwenye mali.